Maoni Yetu: Buti za Kazi ya Majini



Wako watakaouliza kwa nini ukurasa wa mbele wa jarida letu umepewa habari za viatu, ilhali mishahara ni midogo na bei ya unga haina huruma. Twajibu kwamba hata mishahara tutaizungumza, lakini mtu aliyelala nyumbani na mguu uliovimba hana mshahara wa kuzungumziwa. Na shauri hili la viatu limefika ofisini likiwa na barua ya onyo ndani yake, kwa hiyo haliwezi kungoja.

Hapa petu Kangema kazi nyingi ni kazi ya majini, ijapokuwa bahari iko mbali. Huko juu, kuelekea Kanyenya-ini na msitu wa Nyandarua, mchuma chai huingia shambani asubuhi na umande unamfika mapajani. Chini kidogo, msimu wa kahawa ukifika, wenzetu wa viwanda vya kumenya kahawa husimama katika mitaro ya maji hadi usiku, kwa kuwa wakulima huleta kahawa mbivu mchana na mashine hufunguliwa jioni. Tena iko mito ya Mathioya, wa Kaskazini na wa Kusini, ambayo hutoka Nyandarua ikishuka kwa fujo hadi kuingia Tana. Mito hiyo imewapa vijana wetu kazi ambayo babu zao hawakuiota: kuteremsha watalii kwa mashua za mpira zilizojazwa upepo, na kwa kayaki, katika Mathioya na katika Tana pande za Sagana.

Ni vijana hao wa mashua walioleta shauri lenyewe. Tajiri mmoja, ambaye hatutamtaja jina kwa kuwa mazungumzo hayajavunjika, aliwapa gambuti, zile ndefu za kufika chini ya goti, akasema sasa ametimiza wajibu wake. Vijana wakakataa kuingia nazo mtoni. Naye akawaandikia barua kwamba wamekataa kuvaa vifaa vya kinga, na wakirudia watafukuzwa. Basi swali likaja kwetu: je, mfanya kazi aliyepewa buti akakataa kuzivaa ana makosa?

Twasema wazi kwamba hatuna ugomvi na gambuti. Hiki ni kiatu kilichowafaa wafanya kazi wa dunia nzima tangu karne ya 19, mpira ulipoanza kupikwa kwa salfa ili usiyeyuke wakati wa joto wala kupasuka wakati wa baridi. Hapa Kenya kiwanda cha Bata cha Limuru kimewavika watu wengi, na hata mkulima asiye na kiatu kingine ana gambuti nyuma ya mlango. Katika matope, katika samadi, katika maji yasiyofika juu ya kisigino, katika shamba lenye nyoka na miba, hatujui kiatu kingine cha bei hiyo kinachokishinda.

Lakini gambuti ina faida moja kubwa, nayo ni kuzuia maji yasiingie. Maji yakipita juu ya mdomo wake faida hiyo imekwisha, na kilichobaki ni ndoo mbili zilizofungwa miguuni. Watu husema gambuti iliyojaa maji humvuta mtu chini kama jiwe. Si hivyo hasa, kwa maana maji yaliyo ndani ya buti hayana uzito mtu akiwa ndani ya maji yenzake. Hatari iko penginepo. Kwanza hawezi kupiga miguu ili aogelee. Pili, anapotaka kujiinua aingie mashuani au apande ukingo, yale maji huwa mzigo ghafula. Lita moja ni kilo moja, na gambuti moja hubeba zaidi ya lita moja. Tatu, mdomo mpana wa buti hushika mkondo wa maji, na mkondo wa Mathioya wakati wa mvua ya masika si wa kuchezea. Kijana anayeshika mashua ili wageni wapande ndiye anayekaa majini kuliko wote, na ndiye aliyepewa kiatu hiki.

Hebu tueleze kazi yenyewe, kwa sababu wengi wa wanachama wetu wa chai na kahawa hawajaiona. Mashua hubebwa hadi ukingoni. Mmoja au wawili huingia majini hadi magotini, wakaishika isichukuliwe, huku wageni wakipanda mmoja mmoja. Chini ni mawe ya mviringo yenye utelezi wa kijani, na kati yake mna mashimo. Anayeshika asisimame upande ambao mkondo unaelekea, katikati ya mashua na jabali, kwa kuwa mashua ikimlemea atabanwa. Akianguka mahali penye mkondo wa nguvu asijaribu kusimama. Na alale chali, miguu mbele, aelee mpaka afike penye maji tulivu. Sababu ni kwamba mguu unaweza kunaswa kati ya mawe mawili, na maji yakamsukuma mwenye mguu kifudifudi. Sasa fikirini mguu huo ukiwa ndani ya gambuti iliyo kubwa kwa nambari mbili.

Kiatu kinachofaa kazi hii kipo. Ni buti laini za neopreni, za aina ile ile ya vazi la wazamiaji. Hazina jina la Kiswahili lililozoeleka, nasi tutaziita buti za kulowa, kwa kuwa hiyo ndiyo siri yake: gambuti hukataa maji, buti hizi huyakubali. Neopreni ni mpira uliotengenezwa na wanakemia wa kampuni ya Du Pont huko Marekani mwaka wa 1930. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mtaalamu wa fizikia wa California aitwaye Hugh Bradner akafikiri kwamba si lazima mtu awe mkavu ndipo apate joto. Mpira huo ukitiwa viputo vidogo vya hewa huwa kama blanketi. Maji machache huingia, hukaa kati ya ngozi na mpira, mwili huyapasha joto, na viputo huzuia joto lisitoke. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa, na ndiyo sababu mtu aliyesimama Mathioya mwezi wa Julai, majira ya gathano, huacha kuvisikia vidole vyake kabla hajamaliza kupakia mashua ya pili. Mtu asiyesikia vidole vyake hajui anakanyaga nini.

Kwa maelezo hayo utaona kwamba buti ya kulowa haichaguliwi kama gambuti. Ikiwa pana, maji ya baridi yataingia na kutoka kila hatua, na lile blanketi halipo tena. Lazima ikamate mguu pande zote, kisigino kisipande, wala pasiwe na nafasi kubwa mbele ya vidole. Lakini isibane hata vidole vikakunjika, kwa maana damu isipofika vidoleni baridi itazidi badala ya kupungua. Mpira huu hulegea kidogo kwa kuvaliwa, basi ile inayokamata dukani ndiyo itakayokaa sawa baada ya mwezi. Unene hutajwa kwa milimita, kama 3 au 5. Yenye 5 ina joto zaidi ila ni nzito kidogo kukunja. Kwa mito yetu inayotoka kwenye baridi ya Nyandarua, anayesimama majini kutwa tungempa ya 5.

Hata hivyo joto si kitu cha kwanza kutazama. Kitu cha kwanza ni soli. Ziko buti za neopreni ambazo ni soksi tu, zimetengenezwa kuvaliwa ndani ya kiatu kingine, na tajiri asiyejua anaweza kuzinunua kwa kuwa ni rahisi. Kwenye mawe ya Mathioya zitatoboka upesi, na mwenye kuzivaa ataumia nyayo. Takeni soli nene ya mpira, yenye mikato, iliyopanda kidogo hadi kwenye vidole na kisigino ili jiwe lisipige mfupa. Tena mpira wa soli uwe laini kiasi cha kushika jiwe. Soli ngumu kama plastiki huteleza juu ya utelezi wa kijani hata ikiwa na mikato mizuri ajabu. Kifundo cha mguu kifunikwe. Zipu hurahisisha kuvaa, ila mchanga huiharibu, na ikiharibika buti nzima imeharibika. Ya kuvuta bila zipu inasumbua asubuhi lakini hudumu.

Juu ya kuvaa, wageni wana ujanja wao wa kutia mguu kwanza katika mfuko wa plastiki ili uteleze ndani. Hapa kwetu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na hatutaki mwanachama wetu ashikwe kwa sababu ya buti. Pinda mdomo wa buti nje, ilowe maji kwanza pamoja na mguu, kisha ivute kwa kisigino, si kwa mdomo, maana mdomo hupasuka. Kama una suruali ya neopreni, mguu wa suruali upite juu ya buti, usiingizwe ndani. Ukiuingiza, maji yote yanayoteremka mwilini yataishia butini. Jioni zioshwe kwa maji safi, zigeuzwe ndani nje, zianikwe kivulini. Kuzianika juu ya jiko la mkaa, kama tulivyozoea kufanya na soksi za watoto, ni kuziua.

Wako wanaonunua zilizotumika, kwa kuwa mpya huagizwa ng'ambo na bei yake si ya kibarua. Hatuwalaumu. Lakini bonyeza mpira kwa kidole gumba: ukirudi upesi kama mkate mwema, viputo viko hai, ukibaki bapa, umenunua kitambaa tu. Kunja soli utazame kama gundi inaachia. Na kwa nini kibarua anunue mwenyewe? Hilo tutalifikia sasa hivi.

Jambo moja tusilisahau, hasa kwa wanachama wanaokwenda kufanya kazi ya msimu katika mpunga wa Mwea. Huko kichocho kimejulikana kwa miaka mingi. Viini vyake hutoka kwa konokono wa majini na kuingia kwenye ngozi ya binadamu iliyo ndani ya maji. Buti ya kulowa si kinga ya kutegemea juu ya kichocho, kwa kuwa maji yaleyale yanaingia ndani. Huko afadhali gambuti ndefu, madhali maji hayazidi mdomo wake. Ndiyo maana twasema hapana kiatu kimoja cha majini. Anayetuambia buti ni buti hajapata kuzivaa.

Tukija kwa wenzetu wa chai na kahawa, shida yao si aina ya kiatu, ni kipimo na idadi. Katika mashamba mengi gambuti huja kwa gunia, nambari za wanaume, nane na tisa na kumi, na wachumaji wengi ni akina mama wenye mguu wa tano. Mama akajaza matambara mbele. Kisha ashuke na kikapu kilichojaa majani kwenye miteremko yetu, ambayo kila mwenyeji wa Kangema aijua, mguu ukiteleza ndani ya buti na buti ikiteleza juu ya udongo mwekundu. Akianguka huandikwa kwamba hakuwa mwangalifu. Sisi twasema aliangushwa siku gunia lile lilipoagizwa.

Gambuti ya kutembelea mteremko yataka nafasi ya upana wa kidole mbele, kwa sababu wakati wa kushuka vidole husukumwa mbele na kucha hupiga mpira. Ipimwe na soksi ile ile itakayovaliwa kazini, tena ipimwe alasiri, kwa kuwa mguu huvimba kidogo kwa kazi ya kutwa. Miguu miwili ya mtu mmoja hailingani. Fuata ule mkubwa. Wanaonyunyiza dawa shambani wao wavae suruali juu ya gambuti, si ndani, ili dawa itiririke nje. Tumeona vijana wenye maarifa mengi wakichomeka suruali kwa sababu ya umaridadi.

Kisha kuna unyevu. Gambuti haipitishi maji kuingia, wala haipitishi jasho kutoka. Mguu uliokaa umelowa kutwa, siku baada ya siku, ngozi huwa nyeupe na kukunjamana, hupasuka kati ya vidole, na ukungu huota. Katika vita vya 1914 hadi 1918 majeshi ya Ulaya yaliona maelfu ya askari wakiharibika miguu ndani ya mahandaki bila kupigwa risasi, kwa baridi na maji tu. Dawa waliyoiona haikuwa ya hospitali: soksi kavu kila siku, miguu ipanguswe, na mkubwa wa kikosi akague miguu ya watu wake. Majenerali walilijua jambo hilo zaidi ya miaka 100 iliyopita. Wasimamizi wa mitaro ya kahawa wangeweza kulijua pia, ambako mtu husimama katika maji yaliyochacha ya kuoshea kahawa, na zamu ya usiku hurithi buti zenye jasho la zamu ya mchana. Kugawana buti ni kugawana ugonjwa. Twadai kila mtu na buti zake, na jozi ya pili kwa wale wa majini, ili moja ikauke siku nzima wakati nyingine iko kazini.

Sasa sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007, kifungu cha 101, yamwamuru mwajiri kuwapa watu wanaofanya kazi yenye kulowesha, au yenye vitu vya kudhuru, mavazi ya kinga yanayotosha na yanayofaa kazi, pamoja na viatu inapohitajika, na kuyatunza. Tazameni neno hilo, yanayofaa. Sheria haikusema buti yoyote. Kwa hiyo tajiri aliyetoa gambuti kwa kazi ya mashua bado hajatimiza kifungu hicho, kwa maoni yetu, hata kama risiti anayo.

Lakini tusijidanganye. Sheria ile ile, kifungu cha 13, yamlazimu mfanya kazi kuvaa kinga aliyopewa. Kijana anayekataa kwa mdomo tu, akaziacha gambuti mtini na kuingia majini miguu mitupu, amempa tajiri fimbo ya kumpigia. Njia iko katika kifungu cha 14: mfanya kazi amweleze msimamizi wake hatari kubwa anayoiona, na mwajiri asimrudishe penye hatari hiyo mpaka irekebishwe. Andikeni hata kama ni mistari mitatu, tarehe na sahihi, nakala moja kwa chama. Mahali penye watu 20 au zaidi lazima iwepo kamati ya usalama yenye wajumbe wa wafanya kazi. Barua hiyo isomwe huko. Hivyo ndivyo tulivyowashauri vijana wa mashua, na barua yao imekwisha kupelekwa.

Kuhusu kukatwa mshahara kwa ajili ya buti, twaona desturi hiyo inarudi kimyakimya, hasa kwa vibarua. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, imetaja makato yanayoruhusiwa. Mwajiri anaweza kukata kiasi cha haki kwa mali yake iliyopotezwa au kuharibiwa na mfanya kazi kwa makusudi. Buti iliyochakaa kwa sababu imefanya kazi haikuharibiwa kwa makusudi. Nao mkataba wa Shirika la Kazi Duniani nambari 155 wa mwaka wa 1981, kifungu cha 21, wasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanya kazi; mkataba huo uliwekwa miongoni mwa mikataba ya msingi mwezi wa Juni 2022. Basi kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote ya kukubali kukatwa, ileteni ofisini tuisome pamoja. Akina mama msione haya kusema hamkuelewa Kiingereza chake. Karatasi nyingine hata sisi hutuchukua asubuhi nzima.

Matajiri watasema gharama ni kubwa. Kwa buti za kulowa ni kweli kwamba si rahisi. Lakini mgeni anayekuja mara moja hupewa kofia ngumu na jaketi la kuelea, na hakuna anayeuliza gharama, kwa kuwa bila vitu hivyo mgeni hapandi. Anayemshikia mashua, kutwa, majini, ahesabiwe katika hesabu hiyo hiyo.

Halmashauri ya tawi itaweka madai haya mezani kwenye majadiliano yajayo: buti za kulowa zenye soli nene kwa watu wa mashua, gambuti za nambari za wanawake kwa wachumaji, jozi mbili kwa watu wa mitaro, vibarua wasiachwe nje, na ile barua ya onyo ifutwe. Ili tusiulizwe nambari tukakosa jibu, wawakilishi wetu kazini watapita kila kituo cha chai, kila kiwanda cha kahawa na kwa vijana wa mtoni, kuanzia saa tisa alasiri. Kila mwanachama asimame juu ya karatasi akiwa na soksi zake za kazini, miguu yote miwili ichorwe, kisha aandike jina, mahali anapofanya kazi, na maji humfika wapi: kisigino, muundi au goti. Karatasi chama kitatoa. Penseli mje nazo.